NANI AMESHIKA UFUNGUO?
Vyeo na ruhusa katika viwanja vya kazi vya programu za kompyuta

Katika kila kiwanda na kila shamba kubwa liko swali moja ambalo lazima lijibiwe kabla kazi haijaanza: nani ameshika ufunguo? Uko ufunguo wa stoo ya vipuri, ufunguo wa sanduku la fedha, ufunguo wa chumba cha swichi kuu ya umeme. Kila mfanyakazi anajua kwamba kitu kikipotea stooni, mtu wa kwanza kuulizwa si yule aliyekichukua. Ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la funguo.

Siku hizi ziko funguo za aina nyingine ambazo hazionekani kwa macho. Mahali pengi mahudhurio huandikwa kwa kuweka kidole kwenye mashine, majani ya chai hupimwa kwa mizani ya umeme inayotunza hesabu yenyewe, na mshahara hupigwa hesabu na kompyuta kabla ya kufika benki au kwenye simu. Nyuma ya kila kazi ya namna hii ipo programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Maagizo hayo yameandikwa na watu, hurekebishwa na watu, na si kila mtu anaruhusiwa kuyagusa.

Makala hii inaeleza jinsi ruhusa hizo zinavyogawanywa, hasa pale ambapo miradi ya programu si mmoja bali ni mamia. Inaeleza pia kwa nini jambo hili linamhusu mchuma chai na mfumaji wa kiwandani sawasawa na linavyomhusu fundi wa kompyuta.

1. UWANJA WA KAZI NI NINI

Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja. Huandikwa na mafundi kumi, hamsini, pengine maelfu, walio katika miji na nchi mbalimbali. Ili wasiharibiane kazi, wanahitaji mahali pamoja pa kuweka maandishi ya programu, kuandika hitilafu zilizoonekana, kugawana kazi na kukagua kazi ya mwenzao kabla haijatumika. Mahali hapo ndipo tunapoita uwanja wa kazi. Uwanja huo huwa ndani ya kompyuta kubwa, na fundi huufikia kwa intaneti kwa kutumia jina lake na neno lake la siri.

Viwanja hivyo vinakaribiana sana na karakana. Kuna ghala la maandishi, kuna ubao wa kazi za leo, kuna daftari la hitilafu, na kuna mlango ambao kazi iliyokamilika hupitia ili iende kwa watumiaji. Jukwaa moja linalojulikana sana ni GitHub, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018. Lingine ni GitLab. Kampuni moja ya programu huweza kuwa na mamia ya viwanja katika jukwaa moja: uwanja wa programu ya mishahara, uwanja wa programu ya mizani, uwanja wa programu ya simu, na kadhalika.

2. NGAZI ZA RUHUSA

Katika karakana nzuri, mtu haingii tu na kugusa mtambo wowote. Vivyo hivyo katika viwanja hivi. GitHub, kwa mfano, inaziweka ruhusa za kila ghala katika ngazi tano.

Ngazi ya kwanza ni kusoma. Mwenye ruhusa hii anaona maandishi, anaweza kuchukua nakala na kutoa taarifa ya hitilafu, lakini hawezi kubadilisha kitu.

Ngazi ya pili ni kupanga. Huyu hupokea taarifa za hitilafu, huzipanga, huwagawia mafundi, na huzifunga zikiisha. Ni kama karani wa karakana: anaendesha kazi lakini hashiki nyundo.

Ngazi ya tatu ni kuandika. Huyu ndiye fundi mwenyewe, anayeingiza maandishi mapya ghalani.

Ngazi ya nne ni kutunza. Huyu huongoza shughuli za ghala na kurekebisha baadhi ya taratibu zake, lakini hana uwezo wa kufanya mambo ya hatari kama kulifuta ghala zima.

Ngazi ya tano ni usimamizi kamili. Huyu huingiza watu na kuwatoa, hubadilisha sheria za ghala, na akitaka hulifuta.

Juu ya ngazi hizo tano wapo wenye uwanja mzima. Hao wana uwezo juu ya maghala yote kwa pamoja, juu ya orodha ya wanachama, na juu ya malipo. Mmoja wao akikosea, au neno lake la siri likiibwa, hasara haiishii kwenye ghala moja.

Msingi wa mpango huu si mpya. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kumaliza kazi yake, wala asipewe zaidi. Kanuni hiyo ingali inafundishwa hadi leo. Mtunza stoo yeyote angeielewa bila kusoma kitabu: aliyekuja kuchukua msumari hapewi ufunguo wa ghala la shaba.

3. VIWANJA VIKIWA VINGI

Mahali penye ghala moja na watu watano, mambo ni rahisi. Msimamizi anawajua wote kwa sura. Taabu huanza miradi inapoongezeka.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye watu 60 na maghala 200. Ikiwa kila mtu atapewa ruhusa yake kwa kila ghala, moja baada ya moja, kuna mahali 12,000 pa kuamua: huyu hapa asome, pale aandike, kule asiingie. Hakuna mtu awezaye kukumbuka maamuzi 12,000. Linalotokea ni kwamba msimamizi, akiwa amechoka na watu wamepanga foleni mlangoni, humpa kila anayeomba ruhusa ya juu kabisa ili asirudi tena kusumbua.

Dawa yake ni kuigawa ruhusa kwa cheo, si kwa mtu. Mwaka 1992 wataalamu wengine wa Marekani, David Ferraiolo na Richard Kuhn, walieleza mpango huo kwa utaratibu kamili. Kwanza huandikwa vyeo: fundi, mkaguzi, karani wa hitilafu, mtunzaji, msimamizi. Kisha maghala hukusanywa katika mafungu ya kazi zinazofanana. Halafu huamuliwa cheo gani kina uwezo gani katika fungu gani. Kampuni yetu ya mfano ikiwa na vyeo 5 na mafungu 10, maamuzi yanakuwa 50 tu, na hayo yanaenea kwenye karatasi moja. Mtu akiajiriwa, anaandikwa kwenye cheo chake na ruhusa zote zinazofaa zinamjia. Akihamishwa, anafutwa kwenye cheo kile na kuandikwa kwenye kingine.

Vyama vya wafanyakazi vinaujua mpango huu tangu zamani. Anayetia sahihi hundi ya tawi si ndugu fulani kwa kuwa ni ndugu fulani. Ni mweka hazina. Uchaguzi ukifanyika, sahihi inahama pamoja na cheo, wala mweka hazina wa zamani haendi benki tena.

Hata hivyo, mpango wa vyeo una adui mmoja, naye ni ruhusa ya muda. Fundi wa mizani anaombwa asaidie kwenye mishahara kwa wiki mbili, kwa sababu mwenzake ni mgonjwa. Anapewa ufunguo. Mwenzake anapona na kurudi kazini, lakini ufunguo haurudi. Mwaka unaofuata anasaidia mahali pengine na kupewa mwingine. Baada ya miaka mitano mtu aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote anakuwa na funguo nyingi kuliko wote, ingawa hakuna kikao chochote kilichoamua hivyo. Kwa hiyo ruhusa ya muda inafaa iandikwe na tarehe yake ya kwisha, na orodha yote isomwe upya kila baada ya miezi michache na watu wasiopungua wawili.

Ziko pia funguo ambazo si za mtu. Programu moja hupewa ufunguo ili izungumze na nyingine usiku watu wakiwa wamelala. Funguo za namna hii husahauliwa kwa urahisi, maana mashine haihami wala haistaafu. Nazo ni lazima ziwemo katika orodha, na kila mmoja uwe na mtu anayeujibia.

4. WENYE UWANJA WAWE WANGAPI

Swali hili huulizwa sana, na jibu lina pande mbili.

Mmoja tu ni hatari. Akiugua, akifariki, akigombana na mwajiri au akipoteza simu yake, viwanja vyote vinafungwa na hakuna wa kuvifungua. GitHub wenyewe wanashauri kila shirika liwe na wenye uwanja wasiopungua wawili. Lakini ishirini nao ni hatari, kwa kuwa kila mmoja wao ni mlango ambao mwizi anaweza kuupitia.

Mwezi Juni mwaka 2014 kampuni iitwayo Code Spaces, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatunzia wateja maandishi ya programu, ilivamiwa. Mhalifu alipata njia ya kuingia kwenye meza ya usimamizi ya kompyuta walizokodi, akadai fedha. Kampuni ilipojaribu kumtoa, ikakuta ameshajiandalia majina mengine ya kuingilia. Akaanza kufuta. Katika muda wa saa kama 12 sehemu kubwa ya kazi za wateja ikapotea, na nakala za akiba zikapotea pamoja nayo, kwa sababu nazo zilikuwa chini ya ufunguo uleule. Kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara.

Fundisho ni dhahiri. Wenye uwanja wawe wachache, wawili au watatu au wanne, kila mmoja kwa jina lake. Kila mmoja atumie uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na kitu cha pili alicho nacho mkononi. Na nakala za akiba zilindwe kwa ufunguo mwingine, ulioshikwa na mtu mwingine. Hatuweki sanduku la fedha na daftari la fedha ndani ya kabati moja lenye kufuli moja.

5. MFANO WA DAFTARI LA WAZI

Mfano mzuri wa kusimamia vyeo katika maghala mengi ni mradi uitwao Kubernetes. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni nahodha. Ni programu ya kuendesha kompyuta nyingi kwa pamoja. Kampuni ya Google iliitangaza mwaka 2014, na baadaye ikawekwa chini ya taasisi ya pamoja ambamo zimo kampuni nyingi zinazoshindana kibiashara. Maelfu ya watu wameichangia, na maghala yake yamegawanywa katika viwanja vikuu kadhaa.

Watu hao wote hawajuani kwa sura. Hivyo wameweka ngazi: mwanachama, mkaguzi, mwidhinishaji, na mwenye sehemu ya mradi. Anayetaka uanachama lazima kwanza awe amefanya kazi inayoonekana, kisha adhaminiwe na watu wawili. Wadhamini hao hawatakiwi wote kutoka kampuni moja, ili mwajiri mmoja asijaze watu wake. Asiyefanya kazi yoyote kwa miezi 12 anaweza kuondolewa, na akirejea kazini anaweza kuomba tena.

Jambo kubwa zaidi ni daftari. Orodha ya wanachama, makundi na ruhusa zao imeandikwa katika mafaili yanayowekwa ghalani kama maandishi mengine yoyote, na yeyote anaweza kuyasoma. Anayetaka kuongeza au kuondoa jina hapeleki ombi la chinichini kwa msimamizi. Anaandika badiliko analolitaka, sababu zake zinaonekana, mwingine mwenye mamlaka analikagua na kuliidhinisha. Baada ya hapo programu maalumu inalinganisha daftari na hali halisi ya uwanja na kuvisawazisha. Ruhusa iliyotolewa nje ya daftari hurudishwa ilivyoandikwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali yenyewe ni mamlaka. Ukitaka kujua nani aliongezewa uwezo, lini na kwa idhini ya nani, jibu lipo na tarehe yake ipo.

6. KUKABIDHI KAZI

Wakati wa kukabidhi ndio wakati ambapo funguo nyingi hupotea. Mwaka 2018 ilijulikana habari ya programu ndogo iitwayo event-stream. Ilikuwa kama bolti: ndogo, lakini imefungwa ndani ya mitambo mingi, na ilikuwa ikichukuliwa kama mara milioni 2 kwa wiki. Aliyeianzisha alikuwa akiitunza bila malipo yoyote, na kwa miaka alikuwa haitumii tena yeye mwenyewe. Mtu asiyemfahamu akamwandikia na kujitolea kuitunza. Akampa ruhusa.

Septemba mwaka huo mtunzaji mpya akaongeza humo kipande kingine cha programu. Novemba ikagunduliwa kwamba ndani yake mlikuwa na maagizo ya kuiba fedha za kidijitali kwa watumiaji wa mkoba uitwao Copay.

Wako waliomlaumu mwanzilishi. Lakini, ndugu wafanyakazi, tuitazame habari hii kwa macho ya chama. Kampuni nyingi, baadhi yake tajiri, zilijenga juu ya kazi ya mtu mmoja asiyelipwa, asiye na msaidizi wala wa kumpokea zamu. Mtu aliyechoka alipewa nafasi ya kupumzika, akaichukua. Mahali penye mtunzaji mmoja tu, makabidhiano hayana shahidi. Utaratibu mzuri ni kwamba mgeni aanze ngazi ya chini, kazi yake ikaguliwe kwa muda, apande hatua kwa hatua, na ufunguo wa kutoa programu kwa watumiaji usitolewe kwa neno la mtu mmoja.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Siku mfanyakazi anapoacha kazi, ruhusa zake zote zifungwe siku hiyohiyo, na aandikiwe kwamba zimefungwa. Karatasi hiyo inamlinda mwajiri, na inamlinda zaidi mfanyakazi. Jambo likiharibika mwezi unaofuata, anaonyesha kwamba hakuwa tena na ufunguo.

7. KOSA LA MTU AU KOSA LA MPANGO

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mafundi wa GitLab walikuwa wakihangaika na hitilafu. Kompyuta ya akiba ilikuwa imeacha kufuatana na ile kuu. Fundi mmoja alitaka kufuta yaliyomo kwenye ile ya akiba ili aanze upya. Amri yake ikaenda kwenye kompyuta kuu. Alitambua baada ya sekunde chache na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Wakakimbilia nakala za akiba. Njia kadhaa zilizotegemewa zikakutwa hazifanyi kazi, tena kwa muda hakuna aliyejua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali kwa sababu nyingine. Kazi iliyofanywa katika saa hizo ikapotea, ikihusu miradi kama 5,000 na majina mapya ya watumiaji kama 700.

Kampuni ilieleza mambo yote hadharani, lakini haikulitangaza jina la fundi. Maelezo yao hayakuuliza ni nani mzembe. Yaliuliza kwa nini kompyuta kuu na ya akiba zilifanana machoni, kwa nini hakuna aliyekuwa na jukumu la kuzijaribu nakala, na kwa nini amri nzito ilitekelezwa bila kizuizi.

Hivyo ndivyo ajali ya kazini inavyopaswa kuchunguzwa. Mtambo usio na kinga ukimkata mtu vidole, chama hakikubali kwamba vidole ndivyo vilivyokosea. Ruhusa iliyozidi kazi ni mtambo usio na kinga. Anayepewa huona kama heshima, kumbe amebebeshwa mzigo.

8. UFUNGUO ULIOFICHWA

Sasa tufike kwenye habari iliyo nzito kuliko zote. Nchini Uingereza Shirika la Posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mawakala walioendesha ofisi ndogo za posta mitaani na vijijini wakaanza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Mkataba uliwabana, wakatakiwa kulipa. Wengi walilipa kutoka mifukoni mwao. Wengine walishitakiwa kwa wizi na hesabu za uongo. Mpaka mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, na wako waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa.

Katika kesi hizo mawakala waliambiwa kwamba hakuna mtu mwingine awezaye kugusa hesabu za ofisi yao. Hoja hiyo ndiyo iliyowamaliza. Kama ufunguo ni wako peke yako, upungufu nao ni wako peke yako.

Haikuwa kweli. Mawakala 555, wakiongozwa na Alan Bates, walifungua kesi ya pamoja. Katika hukumu ya Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu usio wa kweli, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali na kubadilisha hesabu za tawi bila wakala kujua. Palikuwapo ruhusa ya usimamizi ambayo haikuonyeshwa kwa wale waliokuwa wakibebeshwa lawama. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa mara moja, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta nyingine kwa mamia.

Jambo moja zaidi liwaingie viongozi wa matawi. Jaji aliona pia kwamba shirikisho lililopaswa kuwatetea mawakala halikuwa huru, kwa kuwa lilitegemea fedha za Shirika la Posta lenyewe. Waliosimama na mawakala walikuwa mawakala wenyewe, walipojikusanya.

9. MASWALI YA TAWI

Ndugu wafanyakazi, mchuma chai anayeambiwa kwamba mizani imeandika kilo 31 wakati yeye alibeba 38, na mfanyakazi anayeambiwa hakuwapo kazini siku ambayo alikuwapo, wako mahali palepale alipokuwa wakala wa posta. Wanaambiwa kompyuta haisemi uongo. Lakini kompyuta husema kilichoandikwa, na yupo aliye na ruhusa ya kuandika.

Si lazima kuwa mtaalamu ili kuuliza. Mwajiri anapoleta mfumo mpya wa mahudhurio, mizani au mishahara, kamati ya tawi iulize maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao:

(1) Nani, kwa jina na kwa cheo, anaweza kubadilisha kumbukumbu baada ya kuandikwa? Wamo watu wa kampuni iliyouza mfumo?

(2) Kila badiliko linaacha alama ya nani amelifanya, lini, na hesabu ilikuwaje kabla yake? Alama hiyo inaweza kufutwa na yuleyule aliyebadilisha?

(3) Kila karani na msimamizi ana jina lake la kuingilia, au neno moja la siri linatumiwa na ofisi nzima? Neno la siri la pamoja halimlindi mtu. Siku ya lawama huangukia mdogo kuliko wote.

(4) Orodha ya ruhusa inasomwa upya mara ngapi kwa mwaka, na mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kuiona?

(5) Mtu akiacha kazi, ruhusa zake hufungwa siku gani?

(6) Mfanyakazi akipinga hesabu, nani anafungua daftari la mabadiliko na kulikagua? Asiwe yule aliyeandika hesabu inayopingwa.

Nasi tujikague vilevile. Tawi linaloweka orodha ya wanachama na michango kwenye kompyuta lijiulize nani anaweza kuiona na nani anaweza kuibadilisha. Katibu anayeamini kila kitu kwa kijana mmoja mjuzi wa kompyuta anamwonea kijana huyo. Weka wawili, andika vyeo vyao, na uchaguzi ukipita hakikisha funguo zimebadilika pamoja na viongozi. Tena orodha ya wanachama isikae kwenye kompyuta ambayo msimamizi wake ni mtu wa mwajiri, maana mwenye usimamizi kamili husoma kila kilichomo.

Kwa muhtasari, mambo ni manne. Ruhusa iandikwe kwa cheo, ilingane na kazi, iwe na tarehe ya kukaguliwa, na kila matumizi yake yaache alama isiyofutika. Mahali penye mambo hayo manne, mfanyakazi mwaminifu ana ushahidi wake hata kama bado ana shida nyingine. Mahali yasipokuwapo, usikubali kutia sahihi kwamba ufunguo ni wako peke yako mpaka umeonyeshwa funguo nyingine zote ziko kwa nani.